Dada alitaka kumwita mtoto Bahati



Leo naandika juu ya kosa nililolifanya kwenye grupu la WhatsApp la familia yetu. Dada yangu mkubwa alikuwa na mimba ya miezi saba. Yeye na shemeji walikataa kuambiwa jinsi ya mtoto kwenye kipimo cha utrasaundi. Daktari alipotaka kusema, dada akamkatiza: "Tuambie kama ni mzima, basi." Jioni ile wakatangaza kwenye grupu: awe wa kiume, awe wa kike, ataitwa Bahati.

Mama akaweka vikopakopa. Baba mdogo akaandika "Hongereni sana". Mimi sasa, frateri wa ukoo, niliyemaliza digrii ya falsafa na niko mwaka wa kichungaji hapa parokiani, nikaona nina wajibu wa kusema kitu. Nikaandika ujumbe mrefu, wa aina ile ambayo simu yenyewe inaukata katikati na kukwambia usome zaidi. Nilisema mambo mawili. La kwanza, jina lisiloonyesha kama mtoto ni wa kiume au wa kike ni mtindo wa nje, unakuja na itikadi zake, na sisi tunajua kutoka Mwanzo 1:27 kwamba Mungu aliumba mwanamume na mwanamke. La pili, Mkristo hana bahati, ana neema na baraka. Nikafunga na kanuni ya 855 ya Sheria za Kanisa, inayotaka mtoto asipewe jina lisilopatana na hisia za Kikristo. Nikaweka na mikono iliyofumbatwa. Halafu nikaenda kusali Masifu ya Jioni nikiwa nimeridhika kabisa.

Grupu likanyamaza siku mbili. Hata zile picha za maua za "Jumapili njema" hazikutumwa.

Wa kwanza kunipigia alikuwa bibi mzaa mama, yuko Shinyanga. Bibi ana simu ya kitochi, WhatsApp haimhusu, lakini mama alikuwa amemsomea kila kitu.

"Mume wangu," akaanza, maana ndivyo anavyoniita, "nasikia umesoma mpaka umejua majina yenye kasoro. Hebu niambie, Doto ni jina la kiume au la kike?"

Bibi anaitwa Doto. Nikasema ni jina la mapacha.

"Ehee. Na kaka yangu Kulwa?"

Kwa Wasukuma, pacha anayetangulia kutoka ni Kulwa, anayefuata ni Doto, na mtoto atakayezaliwa baada ya mapacha ni Shija. Wawe wavulana, wawe wasichana, majina ni yale yale. Siku hizi utawakuta akina Kulwa na Doto mpaka kwa makabila mengine, Tanzania nzima. Kulwa wa bibi alikuwa mwanamume, alifariki nikiwa shule ya msingi. Bibi ni mama wa watoto saba.

"Hakuna mtu aliyewahi kunichanganya na yeye," bibi akasema. "Mwenzangu alikuwa na ndevu."

Akacheka, akaniambia nisali, simu ikakatika.

Hoja yangu ya kwanza ilianza kufa pale pale. Hesabu mwenyewe majina ya jumuiya yenu: Tumaini, Imani, Amani, Furaha, Riziki. Mimi nimesoma na Furaha wawili, mmoja wa kiume na mmoja wa kike, na mwalimu hakuwahi kupata shida. Nenda Rwanda na Burundi, utakuta Iradukunda, yaani Mungu anatupenda, na Ishimwe, yaani asifiwe. Wanaume wanayo, wanawake wanayo. Kusini-magharibi mwa Uganda yupo Tumusiime, tumshukuru. Haya ni majina ambayo ni sala nzima, na sala haina haja ya kusema aliyezaliwa ni nani. Kumbe kama tunatafuta kilichotoka nje, tuanze na ile desturi tuliyoipata pamoja na Kilatini, ya Petro na Petronila, Paulo na Paulina, Yosefu na Yosefina. Sisemi kwamba sisi hatukuwa na majina yanayotofautisha. Waluo wanayo, Onyango na Anyango, ni herufi ya kwanza tu inayobadilika. Ninachosema ni kwamba niliita kitu kigeni huku bibi yangu mwenyewe akiitwa hivyo kwa zaidi ya miaka sabini.

Na Kiswahili chenyewe je? Mtoto amelala, mtoto analia, mpe maji yake. Unaweza kumlea mtoto mwaka mzima kwa lugha hii bila sarufi kukuuliza ni wa kike au wa kiume, na hakuna aliyewahi kusema kwamba Kiswahili kinapinga kitabu cha Mwanzo.

Lakini hayo yote ni mepesi. Siku ya tatu akapiga dada.

Hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali angekuwa nayo. Akaniuliza, "Mdogo wangu, unakumbuka mwaka juzi nilipolazwa?"

Nilikumbuka. Sisi tuliambiwa ni malaria.

Haikuwa malaria. Ilikuwa mimba ya wiki kumi, na ilitoka. Waliamua kutomwambia mtu. Usiku aliporudi nyumbani, yeye na shemeji walikaa kitandani wakaona hawawezi kusali kwa ajili ya mtoto ambaye hawana cha kumwita. "Tungesemaje? 'Ee Mungu, kile kitu'? Hapana. Alikuwa mtoto wetu. Lakini hatukujua ni wa kiume au wa kike, Frateri. Hakuna aliyejua. Tungemwita nani?"

Wakatafuta jina ambalo lingemfaa yeyote. Aliniambia jina hilo. Sitaliandika hapa, ni lao. Wanalitaja kila usiku kwenye fumbo la mwisho la rozari. Na waliahidiana kwamba Mungu akiwapa mwingine, watampa jina kwa namna ile ile, kabla ya kujua, ili hao wawili wawe ndugu hata katika hilo. Bahati, kwa sababu hakutegemea tena.

"Umeniandikia kanuni," akasema. "Sawa. Sasa niambie kanuni inasemaje juu ya yule wa kwanza."

Nilikaa na simu sikioni sina neno.

Vijana wenzangu, falsafa ina kipimo kimoja rahisi. Chukua kanuni unayoitetea, ipeleke mpaka mwisho wake, uone inakufikisha wapi. Kanuni yangu ilikuwa: jina jema la Kikristo lazima lionyeshe jinsi ya mtoto. Ipeleke mpaka kwenye kitanda kile cha dada, usiku ule. Inasema: mtoto huyu hawezi kupewa jina jema, kwa sababu hatujui jinsi yake. Yaani mtoto ambaye sisi Wakatoliki ndio tunaosimama mbele ya dunia kusema kwamba ni mtu tangu kutungwa mimba, mtoto ambaye Mungu anamjua kama alivyomjua Yeremia kabla hajaumbwa tumboni, mimi ningemnyima kitu cha kwanza ambacho mtu anastahili. Kanuni inayofika hapo ni mbovu.

Ndipo nikafungua tena madaftari ya seminari, safari hii nikiwa mnyenyekevu kidogo. Mwingereza John Stuart Mill, katika kitabu chake cha mantiki cha mwaka 1843, alisema jina la mtu au la mahali linamtaja tu mwenye nalo, halimwelezi. Mfano wa kwetu ni Mbuyuni. Zipo Mbuyuni ngapi ambazo mbuyu ulishakatwa zamani, na konda bado anaita "Mbuyuni, shusha!" na abiria wanashuka pale pale bila kuutafuta mbuyu? Karibu na wakati wetu, Mmarekani Saul Kripke, katika mihadhara yake ya mwaka 1970 pale Princeton, aliongeza kwamba jina hushikamana na mtu tangu siku alipoitwa hivyo mara ya kwanza, kisha hupita mdomo hadi mdomo. Siku hiyo ya kwanza yeye aliiita ubatizo. Sisi mafrateri tulifurahi sana tulipofika hapo darasani.

Kwa hiyo kazi ya jina ni kuita. Tazama hata tunavyosema: "Unaitwa nani?" "Naitwa fulani." Kitenzi chenyewe kinakiri kwamba mtu mwingine ndiye aliyeanza kuniita. Dada na shemeji hawakuhitaji jina la kumweleza mtoto wao, maana hawakuwa na la kueleza. Walihitaji la kumwita.

Mtu atasema, mbona Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba jina hutokana na kitu fulani kilichomo kwa mwenye nalo? Ni kweli, na nilidhani hapo nitapata pa kujificha. Sehemu ya Tatu ya Summa, swali la 37, anapozungumzia Jina la Yesu, Tomaso anataja vyanzo vya majina ya watu. Kuna wakati, kama mtoto anayepewa jina la mtakatifu wa siku aliyozaliwa. Kuna undugu, kama majirani walivyotaka mwana wa Zakaria aitwe Zakaria. Kuna tukio, kama Yosefu alivyomwita mwanawe Manase kwa sababu Mungu alimsahaulisha taabu zake. Kuna sifa ya mtoto mwenyewe, kama Esau na zile nywele zake. Kisha wako ambao jina lao limetoka kwa Mungu kama alama ya zawadi, Abrahamu na Petro.

Nilisoma orodha ile mara mbili. Kwanza nilishangaa jinsi ilivyo ya Kiafrika: Masika, Mashaka, jina la babu, Shija, vyote vinaingia. Pili, jinsi ya mtoto haimo. Sidai kwamba Tomaso angekubaliana na kila mtu wa leo. Hakuwa anaulizwa swali letu. Ila mahali nilipotarajia anitetee, alikuwa anamtetea dada. Bahati ni jina la tukio, sawa na Manase.

Na Kanisa limekuwa huru katika jambo hili kuliko mimi. Msimamizi wa maparoko wote duniani ni nani? Yohane Maria Vianney. Mwanamume, padre, aliyebatizwa siku ile ile aliyozaliwa, tarehe 8 Mei 1786, na jina la Maria ndani. Alfonsi Maria wa Liguori ni mwanamume. Padre Kolbe alijichagulia mwenyewe jina la Maria. Hatujawahi kusikia mtu akisema Vianney alichanganyikiwa. Kuna kichekesho kimoja cha Waingereza pia: mwandishi Evelyn Waugh, aliyeingia Ukatoliki mwaka 1930, mke wake wa kwanza naye aliitwa Evelyn, na marafiki ikabidi wawatofautishe kwa kusema Evelyn wa kiume na Evelyn wa kike. Ndoa ilivunjika, lakini si kwa sababu ya majina.

Nikarudi kwenye kanuni yangu ya 855. Inawataka wazazi, wasimamizi na paroko waangalie. Frateri hayumo. Halafu nikasoma kanuni ya 877, inayosema nini kiandikwe kwenye kitabu cha ubatizo: jina, mhudumu, wazazi, wasimamizi, mashahidi kama wapo, mahali na tarehe ya ubatizo, mahali na tarehe ya kuzaliwa. Hapo napo jinsi haikutajwa. Cheti cha kuzaliwa nacho kina nafasi yake ya kuandika jinsi, jina halilazimiki kufanya kazi mbili.

Je, ina maana jambo hili halina hatari yoyote? Hapana. Yuko mzazi anayeweza kuchagua jina la namna hii kwa nia nyingine kabisa, kwa sababu hataki mtoto aambiwe kamwe kwamba mwili wake una maana, anataka mwili uwe kama nguo ya kuchagua dukani. Baba Mtakatifu Fransisko, katika Amoris Laetitia namba 56, mwaka 2016, aliandika kwamba jinsi ya kimwili na nafasi ambazo jamii inaijengea vinaweza kutofautishwa ila haviwezi kutenganishwa. Naamini hivyo kwa moyo wote. Lakini huyo mzazi mwenye nia ile, hata akimwita mwanawe Petro, nia iko pale pale. Ugomvi wangu uwe na nia yake, na niujue kwanza kabla sijagombana. Dada sikumuuliza hata swali moja. Niliona jina, nikadhani nimeona moyo.

Na kuna busara ya kawaida tu, ambayo haihitaji digrii. Mvulana ukimwita Neema, darasa la pili watamcheka mpaka achukie shule, kwa sababu masikio ya hapa kwetu yamezoea Neema ni msichana. Labda baada ya miaka hamsini yatakuwa yamezoea vingine. Mtoto anaishi sasa, si baada ya miaka hamsini, na kumhurumia ni sehemu ya kumpa jina. Bahati halina shida hiyo.

Limebaki lile la pili, kwamba Mkristo hana bahati. Hili nilikuwa nalipenda sana, hata katekista wetu hulirudia. Lililoniangusha ni jina la mtakatifu ambaye picha yake iko ukutani kwetu pale seminari.

Mtakatifu Yosefina Bakhita alizaliwa Darfur, Sudan, karibu na mwaka 1869. Alitekwa akiwa mtoto mdogo, akauzwa na kuuzwa tena, na hofu ile ikamfanya asahau jina alilopewa na wazazi wake. Hakulikumbuka tena. Waliomteka ndio waliomwita Bakhita, neno la Kiarabu, yaani mwenye bahati. Ndilo neno letu hili hili, bahati, mzizi ni mmoja. Fikiria kumnyang'anya mtoto mama yake, kijiji chake na jina lake, kisha umwite mwenye bahati! Alipobatizwa kule Venice tarehe 9 Januari 1890, alipewa majina ya Yosefina Margareta Fortunata. Fortunata ni Bakhita kwa Kilatini. Kanisa lingeweza kusema jina hili ni la watekaji, tena ni la bahati nasibu, litupwe. Badala yake likalichukua, likalitia majini, na tarehe 1 Oktoba 2000 likatangazwa kati ya watakatifu. Nani basi anipe mimi ruhusa ya kulikataa?

Nikawa namfikiria yeye na yule mtoto wa dada pamoja. Mmoja alikuwa na jina akalisahau, na Mungu hakulisahau. Mwingine alipewa jina ambalo hakulisikia. Sisemi kwamba kumpa jina ni kumbatiza. Si hivyo, na dada anajua. Katekisimu, namba 1261, inawakabidhi watoto waliofariki bila ubatizo kwa huruma ya Mungu, ambaye anataka watu wote waokolewe. Lakini unapomkabidhi mtu, unamtaja. Ndivyo tunavyofanya hata kwenye nia za Misa, tunapanga foleni ofisini ili jina lisomwe.

Kuna wakati tunasoma Luka sura ya kwanza, majirani na ndugu wamejaa nyumbani kwa Elizabeti, wana maoni, wanasema katika ukoo wenu hakuna mwenye jina hilo. Nimehubiri habari hiyo kigangoni, nikawacheka wale ndugu kwa kujifanya wanajua. Sasa nimepata sura ya mmoja wao.

Niliandika kwenye grupu, safari hii mstari mmoja: "Dada, shemeji, nisameheni. Bahati ni jina zuri." Mama akaweka vikopakopa tena. Baadaye dada akanitumia ujumbe wa peke yangu: "Haya Frateri, tutafutie na mtakatifu basi, usikae bure." Nikamtumia habari za Bakhita.

"Na akiwa wa kiume?" akauliza.

Nikamwelezea Vianney na yule Maria wake. Hakuna anayekataza mvulana kuwa na msimamizi mwanamke mbinguni. Shemeji akadakia kwa ujumbe wa sauti, anacheka, nyuma yake nasikia redio: "Basi awe Bahati wa Bakhita, tumemaliza."

Zimebaki wiki tatu. Mtuombee. Bibi alipiga tena jana kuuliza kama daktari ana uhakika kwamba mtoto ni mmoja tu, maana wakiwa wawili, anasema, majina yapo.